Kondoo Hawa ni wa Nani?

Katika kinyozi ninakonyolewa, kule mtaa wa Utawala, Nairobi, ukutani kuna kalenda iliyotolewa na kanisa moja la mtaa. Juu ya tarehe wameweka picha ya mwanamume mwenye ndevu za rangi ya asali, kanzu nyeupe utadhani imetoka kupigwa pasi sasa hivi, amembeba mwana-kondoo mabegani. Nyuma yake limesimama kundi jeupe kama pamba, kwenye majani mabichi ambayo sisi wa huku hatuyaoni hata mvua za Aprili zikipitiliza. Chini wameandika: "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Tangu Januari nimeitazama picha hiyo kila baada ya wiki mbili, kichwa kimeinama, mashine inanguruma nyuma ya sikio. Na kila mara, nje ya mlango, hatua kama ishirini hivi, kuna kondoo wa kweli wanapekua takataka kando ya barabara ya Bypass.

Hawafanani hata kidogo. Wa nje ni wa rangi ya kahawia, mkia mnene wa mafuta unaning'inia nyuma kama mfuko wa unga, na hawana sufu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele fupi tu, kama mbuzi. Ndivyo alivyo pia yule mweupe wa kichwa cheusi anayeshushwa kwa malori kutoka kaskazini hadi machinjio ya Kiamaiko. Dorper naye, tuliyemleta kutoka Afrika Kusini tukamchanganya na wetu kuanzia miaka ya 1970, sufu yake ni kidogo na humtoka yenyewe. Kondoo wa manyoya mazito wapo, Molo na Nyandarua kwenye baridi, lakini si hao anaowaona mtoto wa Embakasi akienda shule. Hata hivyo mwambie mtoto huyohuyo akuchoree kondoo. Atakuchorea wingu lenye miguu minne.

Neno lenyewe nalo limehama. Ukitaja "mchungaji" ndani ya matatu, hakuna abiria atakayewaza mtu mwenye fimbo na vumbi miguuni. Watawaza suti, maikrofoni na namba ya Paybill. Yule wa vumbi tumemwachia jina la mchunga, na tukiwa kwenye semina tunamwita mfugaji, ambalo ni kosa, kwa sababu mfugaji ni mwenye mifugo na mchunga ni anayetembea nayo juani. Mmoja ana mali, mwingine ana miguu. Sanaa ya wachungaji, kuanzia mashairi ya Wagiriki hadi kalenda ya kinyozi, imeishi miaka zaidi ya elfu mbili kwa kuwachanganya hao wawili wakawa mtu mmoja. Ndiyo maana nikiona picha ya mchungaji, hata iwe nzuri namna gani, nina swali moja la kuuliza: kondoo hawa ni wa nani?

Wafalme walilijibu mapema, tena bila aibu. Hammurabi wa Babeli, kama miaka 1750 kabla ya Kristo, alijiita mchungaji kwenye utangulizi wa sheria zake. Farao alichorwa akiwa ameshika kifuani fimbo iliyopinda ya mchunga. Itazame kwenye jeneza la Tutankhamun, imepambwa kwa dhahabu na buluu. Ujumbe wao hauhitaji mkalimani: kundi ni langu. Kwetu, Rais Moi, aliyechunga mifugo ya nyumbani kwao Sacho, Baringo, akiwa mtoto, alitawala miaka 24 rungu likiwa mkononi. Falsafa yake aliiita Nyayo, na nyayo kazi yake ni kufuatwa. Mwaka 1984 alipowataka mawaziri na wengineo waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, alibadilisha mnyama tu, mpangilio ulikuwa uleule. Alipozikwa Kabarak, Februari 2020, rungu lilikabidhiwa mwanawe Gideon mbele ya umati. Kifaa cha kumfukuza fisi kilikuwa kimeshakuwa hati ya urithi.

Wakristo wa mwanzo walikuwa na picha tofauti, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, mjini Roma, kuna mchungaji aliyechorwa dariani katika karne ya 3. Ni kijana asiye na ndevu, kanzu yake fupi, magoti wazi, mnyama amelala mabegani. Mtu wa kazi. Mkao huo hawakuubuni wao. Wagiriki walikuwa nao karne nyingi kabla. Sanamu moja ya Akropoli, Athens, ya mnamo mwaka 570 kabla ya Kristo, ina mwanamume aliyembeba ndama kwa mkao huohuo, mkono huu umeshika miguu ya mbele na huu ya nyuma. Ila yule wa Athens hampeleki ndama zizini. Anampeleka madhabahuni kuchinjwa. Ukishalijua hilo, kalenda ya kinyozi huwezi kuitazama tena kwa macho ya zamani.

Sasa twende Ravenna, kaskazini mwa Italia, kwenye jengo linaloitwa kaburi la Galla Placidia, la karne ya 5. Mchungaji yuleyule, bado kijana, bado hana ndevu, lakini sasa ameketi. Kanzu ni ya dhahabu, joho la zambarau, na fimbo imegeuka msalaba mrefu wa dhahabu. Kondoo sita, watatu huku na watatu huku, wamemgeuzia nyuso, naye amenyoosha mkono amegusa pua ya mmoja. Ni kazi ya vigae vidogo, na ukiitazama unaelewa kwa nini watu husafiri mbali kuiona. Lakini magoti hayaonekani tena. Ukristo ulikuwa umekuwa dini ya dola, na katika miaka kama mia mbili mchunga alikuwa amevishwa nguo za mwenye mali. Hapa Nairobi safari hiyo huenda kasi zaidi: kutoka kibanda cha mabati hadi Prado ya vioo vyeusi, miaka saba ikizidi.

Ushairi wa wachungaji nao ulizaliwa kwa watu wa mji. Theokritos, mtu wa Sisilia wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliimba habari za wachunga wanaoshindana kwa nyimbo, na miongoni mwa waliomlea kisanaa walikuwa watu wa ikulu ya Alexandria, ambao mwisho wao kuguswa na kupe haujulikani. Baadaye Vergilius, Mrumi, akaichukua sanaa hiyo na kuitia kitu ambacho warithi wake wengi walikifumbia macho. Baada ya vita vya Filipi, mwaka 42 kabla ya Kristo, washindi walikuwa na maelfu ya askari wa kulipwa ahadi ya ardhi. Ardhi ikapatikana kwa njia inayojulikana dunia nzima: wakulima wa Italia, wakiwemo wa upande wa Mantua alikozaliwa mshairi, wakanyang'anywa.

Shairi lake la kwanza la wachungaji lina watu wawili. Tityrus amelala chini ya mti anapiga filimbi, kwa sababu alikwenda Roma akamwona kijana mmoja mkubwa, akaambiwa arudi achunge kama zamani. Yaani alijuana na mtu. Meliboeus hakujuana na mtu. Yeye yuko njiani anaswaga mbuzi wake kwenda asikokujua, na mmoja humwongoza kwa kumvuta, kwa sababu punde tu amezaa mapacha juu ya mwamba mtupu na imebidi waachwe palepale. Walikuwa tumaini la kundi, anasema. Jioni Tityrus anamwambia angeweza kulala kwake usiku mmoja. Kuna matofaa, kuna jibini ya kutosha, na moshi unaonekana juu ya mapaa. Usiku mmoja. Kesho yake haizungumzwi.

Wachoraji wa Ulaya walioupenda ushairi huo kwa karne nyingi walimpenda zaidi yule wa chini ya mti. Filimbi, kivuli, kondoo wametulia, msichana mwenye kikapu. Meliboeus wengi wao walimwacha barabarani.

Sisi tunamfahamu, kwa sababu alipita hapa. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka malisho ya Naivasha na Nakuru, wengi wakapelekwa Laikipia, na wakaahidiwa kwamba mpango huo utadumu kadiri Wamaasai watakavyodumu. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia kwenda kusini, na walipokwenda mahakamani, mwaka 1913 kesi ikatupwa. Kwenye Bonde la Ufa lililoachwa wazi, Lord Delamere alileta kondoo wa sufu kutoka ng'ambo, wakafa kwa wingi, akawachanganya na majike wa Kimaasai wanaoyajua maradhi ya hapa. Kwa hiyo lile kundi jeupe la kwenye kalenda kuna mtu alijaribu kulisimamisha kwenye ardhi hii, na ili lisimame ilibidi wengine waondoke. Waingereza wenyewe walikwishayaona hayo kwao: mwaka 1516 Thomas More aliandika kwamba kondoo wa Uingereza, waliokuwa wapole, sasa wanakula watu, maana mashamba yalizungushiwa ua ili wafugwe wao.

Na Nairobi yenyewe, jina lake ni maji baridi kwa Kimaasai. Reli ilifika mwaka 1899 ikakuta mahali pa kunyweshea mifugo. Katika ukame wa 2017, na tena ule wa 2022, ng'ombe walipoonekana kwenye barabara kuu za jiji, watu walipiga picha kwa simu wakacheka: ng'ombe mjini! Sikuona aliyejiuliza mji umekaa wapi.

Picha hizo za simu hazitauzwa. Zinazouzwa zipo Maasai Market, na ningependa mtu azitazame kwa umakini uleule anaozipa picha za Ulaya, kwa sababu ndizo sanaa yetu ya wachungaji. Unazijua. Watu warefu wembamba watatu au wanne, hawana nyuso, shuka nyekundu, mkuki, jua linazama kwa rangi ya chungwa, mti mmoja wa mgunga. Hakuna ua wa seng'enge. Hakuna nguzo ya umeme, hakuna bodaboda, hakuna simu, ingawa mchunga wa leo anaweza kusahau chakula lakini hasahau simu. Nilimuuliza muuzaji mmoja, dada mchangamfu aliyekwisha kunipunguzia bei mara mbili, mbona hawachori na simu. Akanitazama kama mtu aliyeuliza mbona chapati si za mraba. "Hiyo nani atanunua, mzee?" Simlaumu. Malkia Marie Antoinette alipoanza kujengewa kijiji chake cha mashambani ndani ya bustani za Versailles mwaka 1783, kikiwa na mifugo iliyooshwa, alitaka kitu hichohicho: shamba lisilo na harufu. Tofauti ni kwamba yeye alijiuzia mwenyewe, na sisi tunawauzia watalii, na tukishamaliza wanarudi kututazama kama tuko hivyo.

Yupo aliyechora mifugo kwa namna nyingine. Jak Katarikawe, mzaliwa wa Uganda aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2018, alijaza turubai zake ng'ombe wa rangi za ndoto, buluu na waridi, wanaokumbatiana na kupendana na kuoneana wivu. Kwake mnyama ni jamaa, ana moyo na ana maneno yake. Huwezi kumtumia ng'ombe wa Katarikawe kuhubiri utii.

Lakini nirudi kwa yule mwenye miguu. Injili ya Yohana, sura ya 10, ina mtu ambaye mahubiri humpitia mbio: mtu wa mshahara. Huyu kondoo si mali yake, na akimwona mbwa-mwitu hukimbia. Mwingereza William Holman Hunt alimchora mwaka 1851. Kijana mwekundu wa uso, kichupa cha bia kiunoni, ameacha kundi na anamwonyesha msichana nondo, kipepeo wa usiku, aliyemshika kiganjani, nondo wa mauti mwenye alama ya fuvu mgongoni. Kwenye mapaja ya msichana mwana-kondoo anakula matofaa mabichi yatakayomuumiza tumbo, na nyuma kundi limeingia kwenye ngano. Hunt alikusudia kuwasuta viongozi wa dini waliokuwa wakibishana huku waumini wakipotea. Kisuto ni cha haki. Ila tafuta kwenye turubai lote, hadi kwenye majani ya pembezoni ambayo alichora moja moja kwa subira ya ajabu, humwoni mwenye kondoo. Hatujui anamlipa kijana yule kiasi gani, wala kama alimlipa mwezi uliopita. Mwenye mali huwa hachorwi. Anayechorwa ni mzembe.

Waislamu wa jiji hili wana simulizi nyingine, na ninashangaa haijazaa michoro mingi, ingawa pengine sababu ni kwamba dini yenyewe haipendi kuchora mitume. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, mkusanyaji wa maneno ya Mtume, Mtume Muhammad alisema hakuna nabii aliyetumwa ila alichunga kondoo. Masahaba wakauliza, hata wewe? Akajibu kwamba naye aliwachungia watu wa Makka kwa ujira wa kirati, sarafu ndogo. Kwa ujira. Musa naye, kwenye Qur'ani, anakubaliana na mzee wa Madyan kufanya kazi miaka minane, au kumi akipenda mwenyewe, ndiyo mahari yake. Hapa mtu wa mshahara si mkimbizi wala mzembe. Amefundishwa kazi na kundi lisilo lake. Na hadithi nyingine, ambayo waalimu wa madrasa huirudia hadi watoto wanaijua kwa moyo, inasema kila mmoja wenu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa alichokichunga. Anayeulizwa ana bosi. Mchungaji wa Ravenna haonekani kuwa na wa kumuuliza.

Kuhusu kondoo mwenyewe nina maneno machache, na si matamu. Uzuri wake katika sanaa ni kunyamaza. Isaya alimsifu kwa hilo, kwamba hafunui kinywa chake mbele ya wamkatao manyoya, na Mhispania Francisco de Zurbarán, katika miaka ya 1630, alimchora hivyo: mwana-kondoo mmoja mezani, miguu minne imefungwa pamoja kwa kamba, nyuma giza tupu, macho nusu wazi. Hakuna mchungaji hapo. Ukienda Kiamaiko asubuhi wachinjaji watakuthibitishia: mbuzi hupiga kelele hadi mtaa wa pili, kondoo hutulia. Labda ndiyo sababu Mathayo anawaweka kondoo mkono wa kuume na mbuzi mkono wa kushoto. Nairobi tumepindua. Hapa mbuzi ndiye anayeagizwa kwa jina, na kondoo huingia kwenye sahani ya choma kwa jina la mbuzi, mkia ukiwa umeshaondolewa ili asijulikane.

Baada ya Shakahola, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa ya mfungo waliohubiriwa na mchungaji wao, upole wa kondoo wa Zurbarán unanipa baridi. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2024, vijana wakajaa katikati ya jiji kuupinga Mswada wa Fedha na kila alipotafutwa kiongozi wao wakajibu kwamba hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Injili inawaonea huruma kondoo wasio na mchungaji. Hawa walijisifia. Nilisikia watu wa rika langu wakisikitika kwamba ni kundi lililotawanyika, na nikajua ni kalenda ya kinyozi inayosema ndani yao.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kile kiti nikisubiri mashine ichajiwe, mchunga wa wale kondoo wa nje akaingia. Kijana wa kama miaka ishirini, kofia ya timu ya mpira, akala za tairi, fimbo akaiegemeza mlangoni. Alikuwa amefuata simu yake, ameiacha hapo ichajiwe kwa shilingi ishirini. Wakati kinyozi anaichomoa, kijana akainua macho kwenye kalenda. Nikamuuliza anaonaje.

"Huyo wa mabegani ni mgonjwa?"

Nikasema sidhani.

"Basi ampigie chini atembee, mzee. Mzima habebwi. Unambeba aliyezaliwa leo, au aliyeumwa na mbwa." Akasogea karibu, akaanza kunyoosha kidole kwenye picha, midomo inacheza bila sauti. Anahesabu. Alipofika mwisho akarudia. "Kumi na mmoja. Na huyo kumi na wawili."

"Na wako ni wangapi?"

"Wangu watatu. Kwa jumla arobaini na saba."

Simu ikaita kabla sijauliza zaidi. Akaitazama, akavua kofia, sijui kwa nini, maana aliyepiga hamwoni.

"Ndio, mdosi. Wako wote." Akasikiliza. "Wote, mdosi. Nimehesabu." Akachukua fimbo yake mlangoni akatoka mbio, kwa sababu wawili walikuwa wameshaanza kuvuka Bypass.